Kamera isilipe bariyeri: Lulimba inahitaji komisio ya filamu

*Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa Lulimba na wa vijiji vya jirani. Tunayaweka hapa karibu kama yalivyosemwa.*



Nitasema Kiswahili chetu cha hapa. Wale waliosoma ng'ambo ya ziwa wanivumilie.

Nilipofika asubuhi, sijashuka hata kwenye pikipiki, kijana mmoja akanisimamisha. Akaniambia: "Ndugu, njia ni matope tu, dawa hakuna, watu wanalala na viatu juu ya kuogopa kukimbia usiku, na wewe unatuletea habari ya filamu?" Nilimwambia: ngoja, nitakujibu mbele ya watu wote. Namuona yuko pale nyuma. Sijasahau, ndugu yangu. Lakini kwanza uniache nisimulie kilichotupata.

Dakika 11

Tulikuwa watu sita. Kamera moja ya kukopa, simu mbili, maikro moja, jenereta ndogo. Tulitaka kupiga filamu ya dakika 20 juu ya muzee mmoja wa kijiji cha karibu na hapa. Mwaka 1965, wakati wa Mulele, alikuwa mutoto wa miaka 14 na alikuwa anabeba mizigo ya wapiganaji.

Historia yenyewe munaijua. Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1965, Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika kutokea Kigoma, akafika Kibamba. Wacuba wengine walimfuata, wakapita 100. Walipewa majina ya Kiswahili, na ya kwanza yalikuwa hesabu tu: Moja, Mbili, na Che mwenyewe akaitwa Tatu. Mwezi wa 11 wakarudi Kigoma, vita imeshindwa. Che aliandika kitabu juu ya miezi ile, na jina la Lulimba limo ndani. Watu wanalisoma huko Havana, Paris, Buenos Aires. Sisi wenyewe wa Lulimba, ni wangapi tumekisoma?

Lakini yule muzee alikuwa na maneno ambayo hayamo kwenye kitabu. Kitabu kinasema juu ya makomanda. Yeye alisema juu ya chumvi: ilitoka wapi, nani aliigawanya, nani alinyimwa. Alisema mama yake alificha mihogo wapi wapiganaji walipopita, na wapi tena askari wa serikali walipopita. Historia ya mwenye kubeba muzigo haifanani na historia ya mwenye kutoa amri.

Siku ya kwanza hatukupiga hata picha moja. Ofisi ya kwanza ilitutuma kwa ofisi ya pili. Ya pili ikasema haiwezi kutia sahihi bila karatasi ya ya tatu. Ya tatu ikataka kusoma senario. Tukaitoa, lakini yule wa kuisoma alikuwa safarini. Kila meza ilikuwa na bei yake, na risiti hakuna. Siku nne ziliisha hivyo. Pesa ya mafuta ya jenereta ikageuka kuwa madesu ya bana. Siku ya tano tukasema basi, twende hivyo hivyo. Kwenye bariyeri wakashika kamera mpaka jioni.

Tukarudi Baraka na dakika 11 za sauti. Picha karibu hakuna. Tulimwambia muzee: tutarudi mvua ikiisha. Mvua haikuisha tukapigiwa simu. Muzee ameenda.

Dakika 11, hizo ndizo tuko nazo.

Sitataja ofisi yoyote, na si kwa woga. Kila mutu aliyetusimamisha alikuwa na neno lake: mmoja aliogopa mukubwa wake, mwingine hajaona mushahara wa kumulisha mutoto, mwingine kwa kweli hakujua sheria inasema nini. Nimefikiri sana juu ya siku zile tano, nikafika kwa jambo moja. Katika milango yote ile tuliyobisha, hakukuwa hata mmoja wenye kazi ya kusema ndiyo. Kila mutu alikuwa na uwezo wa kukataza. Hakuna aliyepewa kazi ya kusaidia.

Sasa, kuna mahali duniani ambapo ile kazi ya kusema ndiyo iko na ofisi yake. Inaitwa komisio ya filamu.

Ilianza na mufugaji wa ng'ombe

Musifikiri ni kitu cha miji mikubwa tu. Huko Marekani, katika jimbo la Utah, kuna muji mdogo unaitwa Moab. Mwaka 1949 ulikuwa mahali pa mbali: milima myekundu, jangwa, mto, watu wachache, mifugo. Mufugaji mmoja, George White, aliona kwamba mutengeneza filamu John Ford anaweza kuleta kazi pale. Ford akaja kupiga filamu yake *Wagon Master*. Kiisha watu wa Moab wakajipanga: nani atakodisha farasi, nani atapika, nani anajua njia za milimani, nani ataongea na wenye mashamba. Ile komisio ya Moab iko mpaka leo, na inahesabika kuwa ya zamani kuliko zote ambazo bado zinafanya kazi.

Sikilizeni vizuri: hawakuanza na jengo. Hawakungojea mufazili. Walianza na mutu anayejua mahali pake na anayejua majirani zake. Watu wa namna hiyo, Lulimba imekosa?

Karibu na sisi, Kenya iliunda komisio yake ya filamu mwaka 2005. Huko mugeni hawezi kushuka tu na kamera. Lazima apitie kwa wakala wa filamu aliyeandikishwa nchini. Maana yake, kila filamu ya mugeni inalipa kwanza Mukenya mmoja anayejua kazi. Mwaka huo huo filamu *The Constant Gardener*, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, ilitoka. Waliotengeneza walianzisha mufuko wenye jina la filamu ile ili kusaidia watu wa sehemu zile mbili. Haikuondoa umaskini wa Kibera, tusidanganyane. Lakini angalia tofauti: kule walipiga picha, kiisha wakabaki na deni kwa mahali. Hapa kwetu wanapiga picha, wanapanda jeep, vumbi linabaki.

Tukamate mufano: filamu inakuja Lulimba

Tuseme binti wa hapa, anaishi Kinshasa ama Kalemie, anataka kupiga filamu ndefu juu ya 1965. Analeta watu 30, siku 20. Komisio ya filamu ya jimbo letu ingefanya nini? Nitapita hatua kwa hatua, juu wengi wetu tunasikia neno "komisio" na tunaona tu kiti na muhuri.

*Kabla hajafika.* Ofisi iko na picha za mahali: milima, mto Kimbi, njia ya kwenda Misisi, nyumba za udongo za zamani zilizobaki, soko. Chini ya kila picha kumeandikwa ya muhimu: mwezi gani gari inapita na mwezi gani inazama, simu inashika wapi, umeme wa jua uko kwa nani, nyumba za kulala wageni ni ngapi. Binti anapanga filamu yake Kinshasa bila kutupa pesa kwa safari ya kubahatisha. Kazi hii vijana wanaweza kuifanya na simu zilizomo mifukoni mwenu hapa.

*Karatasi.* Ombi moja, mlango mmoja. Komisio yenyewe ndiyo inazunguka kwa gavana, kwa musimamizi wa teritwari, kwa mukuu wa sekteri, polisi, jeshi, ANR, na uhamiaji kama kuna wageni. Siku zimehesabika na zimeandikwa ukutani. Zikipita bila jibu, wanaeleza kwa nini. Mwisho inatoka karatasi moja yenye sahihi zote, na namba ya kupiga. Kwenye bariyeri unaonyesha hiyo tu. Kama askari anaomba "takse ya kamera", unamkumbusha kwa adabu kifungu cha 174 cha Katiba yetu: kodi inawekwa na sheria, si na kamba iliyofungwa kati ya miti miwili.

*Usalama.* Hapa ndipo ninaomba musikie zaidi. Filamu ya vita iko na nguo za jeshi na bunduki za mbao. Sasa fikiri: vijana 15 wamevaa hivyo, wanakimbia kwenye kilima saa 11 ya jioni, Lulimba, bila mutu kuambiwa. Nani atauliza kama ni filamu? Watapigwa risasi ya kweli. Na kuna mama hapa, akisikia tu mlio anabeba watoto na kuingia porini. Yeye alishakimbia mara nyingi, hangojei maelezo. Kwa hiyo komisio inatangaza siku tatu mbele: redio, kanisa, musikiti, soko, shule, chefu wa kijiji. Inaambia jeshi kwa barua. Inahesabu zile bunduki za mbao asubuhi na jioni. Inakataza milio usiku. Bila kazi hii, filamu inaweza kuua mutu, na inaweza kuhamisha kijiji kizima kwa uongo.

*Kazi.* Watu 30 wanakula mara tatu kwa siku: sahani 90. Siku 20: sahani 1,800. Bugali, sombe, ndagala, mukeke kutoka ziwani, maharagi. Nani atapika? Kama hakuna orodha, watakuja na mupishi wao na makopo yao kutoka muji. Kama orodha iko, wamama wa soko wanajua mapema na wananunua mapema. Vile vile fundi wa kushona nguo za 1965, seremala, mwashi wa kujenga nyumba ya kuigiza, motari, mulinzi, infirmye, mutu wa kutafsiri Kibembe, Kibuyu ama Kifuliru. Kila mmoja na mukataba ulioandikwa kwa lugha anayoisikia: siku ngapi, franga ngapi, analipwa lini, akiumia nani anamutibisha. Watoto wetu wengi wanaingia kwenye mashimo ya zahabu juu hakuna mlango mwingine. Filamu moja haitafunga mashimo yale. Lakini kijana akijifunza kushika maikro na kupanga taa, yuko na ufundi unaoweza kumulisha hata mahali pengine, na hakuna mulima unaomuangukia.

*Mali ya watu.* Wamekanyaga shamba la mihogo la mama? Wamekodi nyumba na ukuta umepasuka? Komisio inashika amana ya pesa kabla kamera haijawashwa. Siku ya mwisho mukubwa wa kijiji na mutu wa komisio wanazunguka, wanaangalia, wanalipa wenye haki, na inayobaki inarudishwa. Hapo hakuna kugombana barabarani.

*Sura ya mutu.* Sura yako ni yako. Mara ngapi tumeona kamera imewekwa mbele ya mama aliyebakwa, anaulizwa aseme tena, na tena, na hajui picha ile itaishia wapi? Vijana wa Goma waliliuliza swali hili kwa nguvu. Mwaka 2020 ilitoka filamu *Stop Filming Us* ya Muholanzi Joris Postema, iliyopigwa Goma, yenye kujiuliza kama mugeni ana haki gani ya kutuonyesha. Mwaka 2022 Wakongomani wawili, Bernadette Vivuya na Kagoma Twahirwa, walichukua picha zile zile wakatoa filamu yao, *Stop Filming Us But Listen*. Yaani: sasa tusikilizeni. Komisio nzuri inadai kwamba mutu aelezwe kwa lugha yake, akubali kwa roho yake, na awe na haki ya kusema hapana hata kisha kupigwa picha. Mutoto hapigwi bila muzazi.

*Baada.* Onyesho la kwanza liwe hapa. Shuka jeupe, jenereta, watu kwenye nyasi. Na nakala moja ibaki Fizi, ili mutoto atakayezaliwa mwaka ujao aione siku moja bila kuomba mutu wa Ulaya.

Hadithi zetu zilipigwa kwingine

Tulipoteza nini kwa kukosa haya? Angalieni.

Mwaka 1951 ilitoka *The African Queen*, filamu inayojulikana dunia nzima. Hadithi yake inatoka kwa vita ya mashua na meli za Wajerumani na Waingereza juu ya ziwa Tanganyika, ziwa letu hili, wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Ilipigwa wapi? Upande wa Kisangani, kwenye mto Ruiki, na Uganda, na zingine kwenye studio London. Ziwa letu lilikopesha hadithi, halikuona hata kamera.

Mwaka 2000 Raoul Peck alitoa filamu *Lumumba*. Lumumba wetu! Kongo ilikuwa kwenye vita, kwa hiyo ilipigwa Zimbabwe na Beira, Msumbiji. Waliolipwa kwa kujenga Léopoldville ya uongo, waliosimama kwenye umati wa uhuru wetu, ni watu wa huko. Siwalaumu. Ni sisi tulikuwa na bunduki ndani ya nyumba.

Na Che? Mwaka 2008 Steven Soderbergh alifanya filamu ya sehemu mbili juu yake. Iko Cuba, iko Bolivia. Miezi ya Kongo iliachwa. Kama wenyewe hatuisimulii, musitegemee mugeni ataikumbuka.

Tena musiseme Wakongomani hatuwezi. *En route pour le milliard* ya Dieudo Hamadi ilichaguliwa Cannes mwaka 2020. *Augure* ya Baloji, iliyopigwa Kinshasa na Lubumbashi, ilipata zawadi Cannes mwaka 2023. Goma ilipata festivali yake ya filamu mwaka 2005, ilizaliwa Yole!Africa, kwenye muji uliokuwa umetoka tu kufunikwa na volkano na vita. Na musiseme Kiswahili hakivuki: *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyopigwa Zanzibar kwa Kiswahili, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021.

Woga wetu, na uko na haki

Nasikia mutu ananong'ona: "Serikali ikipewa komisio, itakuwa bariyeri mpya yenye kompyuta." Ndugu, uko na haki. Mimi pia naogopa.

Nchi yetu inajua vizuri komisio ya aina nyingine, ile ya sensa. Mwezi wa 11 mwaka 2021 ilikataza wimbo wa kundi la MPR wa kulaumu wakubwa. Watu wakapaza sauti, na katazo likaondolewa haraka. Mwaka 2015 filamu juu ya daktari Mukwege, *L'homme qui répare les femmes*, iliyopigwa hapa Kivu ya Kusini, ilikatazwa na serikali mwezi wa 9; wakaiachia mwezi uliofuata. Ni filamu juu ya mama zetu, na watu wa kwanza kukatazwa kuiona tulikuwa sisi.

Majirani pia wanatufundisha. Kenya iko na komisio ya kukaribisha, na iko na bodi nyingine ya kukagua. Mwaka 2018 bodi ile ilikataza *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes. Kuipenda ama kuichukia filamu ile ni neno lingine. Somo ni hili: anayekaribisha na anayekataza wasilale nyumba moja. Tanzania mwaka 2019 ilibadilisha sheria, mugeni anayepiga filamu huko akatakiwa kuacha kwa serikali picha zake zote, hata zisizotumika. Kwa upande mmoja nasema vizuri, kumbukumbu ibaki nchini. Kwa upande mwingine najiuliza: hapa kwetu, picha za shahidi aliyetaja jina la komanda zikiachwa kwenye ofisi fulani, yule shahidi atalala wapi usiku ule?

Kwa hiyo komisio tunayoitaka iko na mipaka, na tuiandike tangu siku ya kwanza:

1. Haisomi senario ili kuikubali ama kuikataa. Inauliza wapi, lini, watu wangapi, hatari gani. Basi.
2. Mukongomani anayepiga filamu ndogo, mwanafunzi, kijana mwenye simu, halipi kitu. Mwenye pesa nyingi na mugeni wanalipa, na bei imebandikwa ukutani.
3. Kila franga inayoingia na kutoka inatangazwa kila miezi mitatu, kwenye redio pia, juu wengi hawasomi karatasi.
4. Viti viwe vya watu wa filamu, wamama, vijana na wazee wa mahali, pamoja na serikali. Na jamii zote za Fizi ziwemo. Komisio ya kabila moja itakuwa silaha nyingine, na silaha tuko nazo za kutosha.
5. Haichukui picha mbichi za mutu. Nakala ya filamu iliyomalizika inatosha.

Ndugu yangu wa nyuma, sasa jibu lako

Uliniuliza: njia mbaya, dawa hakuna, usalama hakuna, filamu ya nini?

Kwanza, sikukuambia uache kudai njia. Tutaidai kesho asubuhi kama tulivyoidai jana. Lakini soma tena ile orodha ya kazi za komisio. Karatasi moja badala ya sita. Bei ukutani. Risiti. Askari anayejua kwamba bariyeri haina haki ya kutoza. Mkataba kwa mufanyakazi. Fidia kwa mwenye shamba. Wewe unafikiri tunaomba vitu hivyo kwa ajili ya filamu tu? Mama anayepeleka mihogo Misisi anasimama kwenye kamba ile ile iliyoshika kamera yetu. Tukishinda kwa kamera, yeye atauliza: na mimi je? Na atakuwa na haki.

Pili, watu wanauawa hapa, na kiisha siku tatu wakubwa wanabishana kama waliuawa kweli, na ni wangapi. Mwezi wa 5 mwaka 2015, Bukavu, Milo Rau alipiga filamu yake *The Congo Tribunal*. Aliweka meza, majaji, mashahidi, watu wa jimbo, na mauaji ya Mutarule ya mwaka 2014 yakasemwa kwa sauti, mbele ya kamera, na waliokuwa huko. Haikuwa tribinali ya serikali, haikufunga mutu. Lakini neno lililopigwa picha mbele ya watu ni vigumu kulimeza tena. Mahali pasipo picha zake wenyewe, kila mutu anaweza kupasemea uongo.

Na tatu, wazee wanaenda. Hawangojei amani ifike ndipo waende.

Tunafanya nini

Kwa bunge la jimbo: tunaomba edi, ile sheria ya jimbo, ya kuunda komisio ya filamu ya Kivu ya Kusini, yenye mutu wa kudumu katika teritwari ya Fizi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinahakikisha uhuru wa kuumba kazi za sanaa, kifungu cha 23 kinahakikisha uhuru wa kusema. Hatuombi zawadi.

Tutaomba namna gani? Kifungu cha 27: kila Mukongomani, peke yake ama na wenzake, ana haki ya kuandikia wakuu petisio, na wanapaswa kujibu katika miezi mitatu. Petisio iko hapa kwenye meza. Atakayetia sahihi atie jina lake la kweli. Asiyejua kuandika atie kidole. Anayeogopa asitie, hatutamuuliza. Tutahesabu siku 90, na siku ya 91 tutakuwa mlangoni, kwa amani, mikono mitupu, kama kawaida yetu.

Kwa watengeneza filamu na mashirika yenye kamera: musingoje sheria ili muwe na adabu. Ulizeni. Lipeni. Rudisheni nakala.

Na sisi wenyewe: kuanzia wiki hii, kila kijiji vijana wawili wazunguke na simu. Kazi mbili tu. Ya kwanza, picha za mahali, na maelezo chini yake kama nilivyosema. Hiyo itakuwa maktaba ya kwanza ya komisio, hata kabla komisio haijazaliwa. Kama yule mufugaji wa Moab. Ya pili, wazee. Mutu mmoja, saa moja, chini ya muembe, kwa lugha yake, kwa ruhusa yake. Simu ikijaa, hamisha. Weka nakala mahali pawili. Kwa kuongea na nyanya yako nyumbani kwake hauhitaji otorizasio ya mutu yeyote isipokuwa yake.

Nimemaliza. Jenereta iko na mafuta kidogo, tuliyabakiza makusudi. Binti wa yule muzee amekubali, na yuko hapa mbele. Tunyamaze, tusikilize zile dakika 11. Kiisha meza iko pale.